Eli Nyeusi Yenye Hopsi na Pombe ya Nyumbani: Historia ya Upishi na ya Maneno Yake

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya bia moja nyeusi, chungu, ipikwayo majumbani huko Uingereza na Marekani, na kutazama jinsi majina yake yalivyopatikana, yalivyobadilika na yalivyogombaniwa. Baada ya hapo tutajaribu kuonyesha ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kutumiwa na mfasiri, mwalimu au mtumishi wa serikali ambaye kazi yake inamlazimu kuandika juu ya upishi wa namna hii.

Sababu za kuichagua mada hii ni mbili. Kwanza, historia ya bia hii ni mfano bora wa jinsi jina linavyoweza kupingana na kitu kinachoitwa kwa jina hilo, hata watumiaji wakalazimika kuamua kama walibadilishe au walivumilie. Pili, Kiswahili kina msamiati wa zamani wa upishi wa pombe, uliokuzwa zaidi na wanawake, lakini mara nyingi mfasiri akutanapo na upishi wa kigeni huuacha msamiati huo na kukopa kila neno, kana kwamba kimea cha shayiri na kimea cha ulezi ni vitu viwili visivyojuana. Athari ya tabia hiyo haiishii kwenye sarufi. Hati inayokiita kinywaji cha mgeni "bia ya nyumbani", na cha mwenyeji kilichopikwa kwa njia ile ile "pombe haramu", imekwisha kutoa hukumu kabla kesi haijafika mbele ya hakimu.

Eli na bia

Kiingereza cha kale kidogo kilikuwa na maneno mawili yaliyotofautishwa vizuri. Eli ilikuwa kinywaji cha kimea, maji na chachu, kisichotiwa hopsi. Bia ilikuwa kinywaji cha aina hiyo hiyo kilichotiwa hopsi, nacho kiliingia Uingereza kutoka Flanders na Uholanzi, kikaenea katika karne ya 15. Hopsi ni mmea upandao juu ya miti na nguzo. Kinachotumika ni vishada vya mmea wa kike, ambavyo ndani yake mna unga wa manjano wenye utomvu mchungu. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Kijerumani aliyeishi katika karne ya 12, aliandika kwamba uchungu wa mmea huo huzuia vinywaji visiharibike upesi. Alisema kweli, kwa kuwa utomvu huo huwadhuru bakteria wengi wachachushao bia.

Jambo hilo dogo la uchungu lilikuwa na matokeo makubwa katika maisha ya watu. Eli isiyo na hopsi haikukaa siku nyingi, kwa hiyo ilipikwa kidogo kidogo majumbani na kuuzwa papo hapo. Wapishi wake katika Zama za Kati walikuwa wanawake kwa sehemu kubwa. Bia yenye hopsi iliweza kuwekwa ghalani na kusafirishwa, kwa hiyo ilimfaa mwenye mtaji, mwenye mapipa mengi na mwenye vibarua. Kufikia karne ya 17 wanawake walikuwa wamesukumwa pembeni katika biashara hiyo, na kilichobaki cha cheo chao ni majina ya ukoo. Jina Brewster, ambalo leo hubebwa na wanaume na wanawake bila kufikiri, asili yake ni neno lililomtaja mpika pombe wa kike, kama vile Baxter lilivyomtaja mwokaji wa kike.

Baadaye sheria nayo iliingia katika msamiati. Mwaka 1711 serikali ya Uingereza ilianza kutoza kodi ya hopsi, na ili kuilinda kodi hiyo ikawakataza wapikao bia ya kuuza wasitumie kiungo kingine cha uchungu mahali pa hopsi. Kodi hiyo ilidumu hadi mwaka 1862. Kwa kuwa hata eli ilikuwa imekwisha kuanza kutiwa hopsi, tofauti ya kale baina ya maneno mawili ikafifia, na neno "eli" likatafuta kazi nyingine. Siku hizi eli ni bia iliyochachushwa kwa hamira ipendayo joto la kadiri, yapata nyuzi 18 hadi 22 za sentigredi, ilhali laga ni bia iliyochachushwa katika baridi zaidi, yapata nyuzi 8 hadi 13, kisha ikawekwa ikatulia kwa majuma kadhaa.

Hapa mfasiri ana la kujihadhari nalo. Akiisoma hati ya mwaka 1450 na kitabu cha mwaka 2020, atakuta neno lile lile, lakini katika hati ya kwanza linamaanisha kinywaji kisicho na hopsi, na katika kitabu cha pili laweza kumaanisha kinywaji chenye hopsi kupita vingine vyote.

Bia ya mahamali

Weusi wa bia tunayoieleza ulianzia London mwanzoni mwa karne ya 18. Katika miaka ya 1720 kulitokea huko bia ya rangi ya kahawia iliyokoza, yenye hopsi nyingi, iliyowekwa katika mapipa kwa miezi kadhaa kabla ya kunywewa. Ilipendwa na mahamali wa mji, yaani wachukuzi wa mizigo wa sokoni, mitaani na bandarini, nayo ikaitwa pota kwa jina la kazi yao. Kisa cha kwamba iliibuniwa na mtu mmoja aitwaye Ralph Harwood mwaka 1722 kimerudiwa katika vitabu vingi, lakini wachunguzi wa historia ya bia hawakikubali. Yaelekea pota ilitokana na marekebisho ya polepole ya bia za kahawia zilizokuwapo. Pota iliyokuwa kali zaidi iliitwa kwa sifa ya unene na nguvu, na sifa hiyo ikageuka kuwa jina kamili, stauti.

Pota za mwanzo zilipikwa kwa kimea cha kahawia kilichokaushwa kwa moto mkali wa kuni. Wakati huo rangi, ladha na nguvu ya bia vilitoka mahali pamoja. Mambo yalibadilika wapishi walipoanza kutumia haidromita, yaani kipimo kinachoelea ambacho huonyesha uzito wa maji ya kimea ukilinganishwa na uzito wa maji matupu. John Richardson alichapisha kitabu juu ya matumizi ya kipimo hicho mwaka 1784. Wapishi waligundua kwamba kilo moja ya kimea cheupe hutoa sukari nyingi zaidi kuliko kilo moja ya kimea cha kahawia. Wakaongeza kimea cheupe ili kupunguza gharama, na bia yao ikapoteza rangi. Wengine walijaribu kuirudisha rangi kwa sukari iliyounguzwa, hata sheria ya mwaka 1816 ikapiga marufuku kila kitu katika bia isipokuwa kimea na hopsi.

Mwaka uliofuata, yaani 1817, Daniel Wheeler alipata hataza ya chombo cha kukaangia kimea, pipa la chuma lizungukalo juu ya moto mfano wa lile la kukaangia kahawa. Kimea kilichokaangwa humo kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 kilikuwa cheusi kabisa, na kiasi kidogo tu kilitosha kuitia rangi bia nzima. Kwa kuwa kilikuwa kimea, sheria haikukikataza.

Tunaomba wasomaji walitie jambo hili moyoni, maana ndilo lililowezesha yote yaliyofuata. Tangu siku hiyo weusi wa bia uliweza kutenganishwa na sifa zake nyingine. Bia iliweza kuwa nyeusi bila kuwa nzito, na nzito bila kuwa nyeusi. Lakini lugha ya wanywaji haikubadilika upesi namna hiyo. Hata leo wako wengi wanaoamini kwamba bia nyeusi lazima iwe kali zaidi ya nyeupe.

Sheria na jungu la nyumbani

Upishi wa nyumbani haukukoma kwa sababu ya viwanda, lakini ulizidi kubanwa. Huko Uingereza, mwaka 1880, serikali ya Gladstone iliondoa kodi ya kimea na kuweka kodi ya bia yenyewe, na tangu hapo apikaye bia nyumbani kwake alitakiwa awe na leseni. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1963 na Waziri wa Fedha Reginald Maudling, kwa mtu apikaye kwa matumizi yake pasipo kuuza. Mwaka huo huo C. J. J. Berry alitoa kitabu chake juu ya upishi wa bia na stauti nyumbani, na vifaa vikaanza kuuzwa madukani.

Marekani ilipita njia ndefu zaidi. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 vileo vilipigwa marufuku katika nchi nzima. Watu walinunua makopo ya shira ya kimea, ambayo kisheria yaliuzwa kwa kuokea mikate, wakayageuza bia katika vyumba vya chini vya nyumba zao. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1933, upishi wa mvinyo nyumbani uliruhusiwa, lakini bia ya nyumbani haikuruhusiwa. Hali hiyo ilidumu kwa miaka 45. Tarehe 14 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyokuwa na kifungu kilichopendekezwa na Seneta Alan Cranston. Kifungu hicho kiliruhusu nyumba yenye mtu mzima mmoja kupika galoni 100 kwa mwaka bila kodi, yaani lita zipatazo 379, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Sheria ilianza kutumika Februari 1979. Hata hivyo kila jimbo lilibaki na mamlaka yake, na majimbo ya Alabama na Mississippi hayakuruhusu jambo hilo mpaka mwaka 2013.

Ni vema mtumishi wa serikali akazingatia mpaka uliowekwa na sheria hiyo. Iliruhusu kuchachusha, haikuruhusu kukeneka. Mtu anayechukua pombe iliyochachuka, akaipika tena na kuukinga mvuke wake ili apate pombe kali zaidi, alibaki mkosaji huko Marekani, kama alivyo mkosaji apikaye gongo au chang'aa pasipo idhini huku kwetu. Kwa hiyo mfasiri atumiaye neno "gongo" kwa bia ya nyumbani, au neno "pombe ya nyumbani" kwa vyote viwili bila kupambanua, anaufuta mpaka ambao mtunga sheria aliuchora kwa makusudi.

Jina linalojipinga

Sheria ya 1978 ilipopitishwa, viwanda vya bia nchini Marekani vilikuwa vimepungua hata havikufika 100, na karibu vyote vilitengeneza laga nyepesi za namna moja. Mwaka 2022 idadi ya viwanda, vikubwa kwa vidogo, ilizidi 9,000. Wengi wa walioanzisha viwanda vidogo walijifunzia kazi majumbani. Ken Grossman, mmoja wa waasisi wa Sierra Nevada, alikuwa kwanza mwenye duka la vifaa vya upishi wa nyumbani katika mji wa Chico, California. Charlie Papazian, aliyekuwa mwalimu, alisaidia kuunda chama cha wapishi wa nyumbani huko Boulder, Colorado, mwaka 1978, na mwaka 1984 akatoa kitabu kilichosomwa na maelfu.

Watu hawa walikuwa na kiungo ambacho wahenga wao wa London hawakukijua. Mwaka 1972 watafiti wa kilimo katika jimbo la Oregon walitoa mbegu ya hopsi iitwayo Cascade, iliyotokana na uzalishaji ulioanza mwaka 1956. Harufu yake ni ya ganda la balungi na maua. Mbegu nyingine zilifuata, kama Centennial mwaka 1990, zenye harufu ya utomvu wa msonobari na machungwa. Hopsi hizo zilitumiwa zaidi katika bia moja ya Kiingereza iliyofufuliwa, nayo ni ile eli nyeupe iliyopelekwa India tangu mwishoni mwa karne ya 18, ikiwa imetiwa hopsi nyingi ili ivumilie safari ya bahari na joto. Ni haki kuongeza kwamba pota nayo ilipelekwa India kwa wingi, hasa kwa askari. Lakini sifa ya safari ile iliiangukia eli nyeupe, nayo ikabaki na jina la India.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Greg Noonan, mwenye kilabu cha Vermont Pub & Brewery katika mji wa Burlington, alipika eli ya namna hiyo lakini akaitia kimea kilichokaangwa kikawa cheusi. Ilikuwa na uchungu na harufu ya hopsi kama eli nyeupe ya India, na rangi kama ya stauti. Wapishi wa nyumbani na wenye viwanda vidogo wa pwani ya magharibi waliipenda, wakaiendeleza kwa hopsi za kwao. Ndipo swali likazuka: iitweje?

Waliofuata mazoea waliiita kwa jina ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, ni "eli nyeupe nyeusi ya India". Waliochukizwa na ukinzani huo, hasa watu wa Oregon na Washington, walitaka iitwe eli nyeusi ya Cascadia, kwa jina la eneo la milima ya Cascade ambako hopsi nyingi za Marekani hulimwa. Mwaka 2010 chama cha watengenezaji bia, Brewers Association, kiliingiza bia hii katika mwongozo wake kwa jina lililofuta neno "nyeupe", likabakiza "India" na "nyeusi". India ikabaki katika jina la bia isiyopata kamwe kupelekwa India.

Suluhisho lililoenea zaidi lilikuja kwa njia ambayo wanaistilahi wataitambua mara moja. Mwongozo wa waamuzi wa mashindano, BJCP, uliotolewa mwaka 2015, uliamua kwamba herufi tatu IPA zisichukuliwe tena kuwa ni ufupisho wa maneno matatu, bali zihesabiwe kuwa ni neno moja lenye maana yake lenyewe, yaani bia chungu yenye hopsi nyingi. Kwa njia hiyo IPA yaweza kuwa nyeusi, nyekundu au ya kahawia bila kujipinga. Sisi tumelishuhudia jambo la namna hiyo katika neno "ukimwi", lililoanza kwa kuunganisha vipande vya maneno, na leo hutumika kama neno lolote, bila msemaji kukumbuka vipande vyake.

Upishi na majaribio

Ili istilahi zieleweke, ni lazima kazi yenyewe ieleweke. Tuchukue mfano wa jungu la kawaida la mpika bia wa nyumbani, litoalo lita 19 za eli nyeusi yenye hopsi.

Mpishi huchukua kilo 5 za kimea cheupe cha shayiri kilichoparazwa, pamoja na gramu 250 za kimea kilichopikwa kikafanya sukari ndani ya punje. Hukikoroga katika maji moto ili mchanganyiko ukae katika nyuzi 66 hivi kwa muda wa saa moja. Katika joto hilo vimeng'enya vilivyomo ndani ya kimea huigeuza wanga kuwa sukari. Kisha huchuja, hupitisha maji moto mengine juu ya machicha ili kupata sukari iliyosalia, na hupata maji matamu ya rangi ya maji ya kunde.

Weusi hutoka kwa gramu 300 hivi za kimea kilichokaangwa. Hapa ndipo majaribio mengi yalipofanyika. Kimea cheusi kikipikwa pamoja na kingine kwa muda wote hutoa uchungu wa kuungua, mfano wa kahawa iliyozidishwa moto, nao hugombana na uchungu wa hopsi. Baadhi ya wapishi walikitia mwishoni mwa kukoroga. Wengine walikiloweka usiku kucha katika maji baridi, wakatumia maji yake tu. Wengine walichagua kimea kilichokobolewa kabla ya kukaangwa, kwa sababu sehemu kubwa ya ukakasi hutoka katika ganda.

Maji matamu huchemshwa kwa saa moja. Hopsi zitiwazo mwanzoni hutoa uchungu, kwa kuwa asidi iliyomo katika utomvu wake haiyeyuki vizuri mpaka ibadilishwe na moto. Lakini mafuta yenye harufu hupotea na mvuke. Kwa sababu hiyo mpishi hutia gramu 30 mwanzoni kwa ajili ya uchungu, na nyingine dakika 10 au 5 kabla ya kuepua kwa ajili ya harufu. Baada ya kupoza hadi nyuzi 19 hivi hutia hamira. Uchachukaji unapoelekea ukingoni hutia gramu 60 za hopsi kavu moja kwa moja katika pipa, pasipo moto, ziachwe kwa siku chache. Maji yaliyoanza na kipimo cha 1.060 hushuka mpaka 1.014 hivi, na kileo chake huwa karibu asilimia 6.

Mpishi mwangalifu huandika kila kitu, na apikapo tena hubadilisha jambo moja tu. Kama abadili kimea, hopsi na hamira kwa pamoja, hatajua ni kipi kilicholeta tofauti. Akitaka kuhakikisha kwamba tofauti ipo kweli, humpa mwonjaji vikombe vitatu, viwili vyenye bia ile ile na kimoja chenye nyingine, amwambie akitaje kilicho tofauti. Mwonjaji mmoja aweza kubahatisha. Wengi wakifanikiwa zaidi ya theluthi moja kwa kiasi cha kutosha, tofauti ipo. Mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari anaweza kuitumia njia hii kwa maji ya matunda, na kuwafundisha wanafunzi maana ya neno "jaribio" bila kugusa kileo.

Msamiati ulio nyumbani

Msomaji aliyefuata maelezo hayo atakuwa ameona kwamba maneno mengi tuliyoyatumia si mageni. Kukoroga, kuchuja, machicha, kimea na kuchachuka ni maneno ya jikoni kwetu. Wachaga wa Kilimanjaro wapikapo mbege hutumia kimea cha ulezi pamoja na ndizi zilizopikwa, na huongeza magome ya msesewe ambayo kazi yake mojawapo ni kutia uchungu. Huko Ethiopia tella hupikwa majumbani kwa nafaka ambazo baadhi yake hukaangwa, na huchungishwa kwa majani ya gesho. Bia nyeusi, chungu, ya nyumbani haikungoja kubuniwa Vermont. Kwa hiyo tunayapendekeza yafuatayo.

Kimea: punje za nafaka yoyote zilizooteshwa kisha zikakaushwa. Neno hili litumike kwa shayiri kama litumikavyo kwa ulezi na mtama. Hakuna haja ya kukopa.

Togwa: maji matamu ya kimea kabla ya kuchachuka. Huenda wengine wakasita kwa kuwa togwa yetu ni nzito, hunywewa na watoto, na ni kinywaji kamili. Tunaona kwamba mfasiri aseme "togwa iliyochujwa" mahali panapohitaji kupambanuliwa, kuliko kukopa neno ambalo msomaji hatalielewa.

Hamira na chachu: hamira iwe ni viumbe hai vilivyotayarishwa na kuuzwa, chachu iwe ni masalio ya pombe ya kwanza yatumiwayo kuianzisha ya pili. Lugha yetu inatofautisha mambo mawili ambayo lugha nyingine huyachanganya, na tofauti hiyo isipotezwe.

Uchungu, ukali na uchachu: haya yasibadilishane. Bia chungu ni yenye hopsi, kama kahawa chungu ya pwani ilivyo chungu pasipo kulevya. Bia kali ni yenye kileo kingi. Bia chachu ni yenye asidi. Mfasiri aandikaye "bia kali" mahali pa "bia chungu" humpotosha mnywaji, na aandikapo lebo au onyo la afya kosa hilo si dogo.

Mpika pombe: mtu afanyaye kazi hii, awe na leseni au asiwe nayo, awe wa Moshi au wa Chicago. Neno "mgema" lisitumike hapa, kwa kuwa mgema hapiki. Hukinga utomvu uliotoka mtini.

Hopsi: huu ni mmea usiokuwapo kwetu, na kukopa ni halali. Tunapendelea hopsi kuliko hopi kwa kuwa wasemaji wamezoea kulichukua neno la namna hii pamoja na alama yake ya wingi, kama katika soksi na chipsi.

Eli, laga, pota na stauti: yabaki kwa tahajia hii, yakiwa majina ya aina za bia. Tafsiri ya "bia ya mahamali" ifae katika maelezo ya historia tu.

Eli nyeusi yenye hopsi: jina la bia tuliyoieleza. Tumeyaacha maneno "nyeupe" na "India" kwa makusudi, kwa kuwa la kwanza linapingana na macho na la pili linapingana na historia. Pale ambapo matini yanataja jina la mashindano, herufi IPA zaweza kubaki, zikifuatwa na sifa ya rangi.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba majina ya vinywaji yamekuwa yakiamuliwa na watu wengi. Mahamali walitoa moja, wenye kodi walififisha jingine, na waamuzi wa mashindano waligeuza ufupisho kuwa neno. Katika safari hiyo walioanza kazi mara nyingi walipoteza jina lao kwanza, kisha wakapoteza kazi yenyewe. Wanawake wa Uingereza waliitwa kwa cheo chao wakati eli ilipokuwa yao. Bia ilipokuwa ya wenye mitaji, cheo hicho kiligeuka kuwa jina la ukoo tu.

Wapika pombe wa kwetu bado wanalo jina, na wanayo maneno ya kazi yao. Mwandishi wa sheria ndogo za halmashauri, mtayarishaji wa fomu ya leseni na mfasiri wa kitabu cha ufundi hawana budi kuyatumia maneno hayo kwa usawa, pombe inayosemwa iwe ya shayiri au ya ulezi. Kama kinywaji kimekatazwa, sheria iseme hivyo waziwazi na itaje sababu yake; isiachiwe istilahi kufanya kazi ya sheria. Tunawaomba wasomaji, hasa walio katika mikoa ambako pombe za nafaka bado hupikwa, watuletee maneno ya sehemu zao ya hatua za kuotesha, kukoroga, kuchuja na kuchachusha, pamoja na maelezo ya matumizi yake, ili yapimwe kabla ya orodha hii kusanifishwa.